Hesabu ya Abla Rayya

Siku ya pili ya matanga, sebuleni kwetu Ibra,
nimeshika birika la kahawa,
na mwanamke nisiyemjua, wa miaka sitini hivi,
anapokea vikombe vilivyokwisha kunyweka
na kuvipanga kwenye sinia, midomo inamcheza:
moja, mbili, tatu, nne.

Nikasimama. "Kiswahili umejifunza wapi?"
Akatabasamu tu. Hakuelewa hata neno.
Nikarudia kwa Kiarabu.
"Kwa Abla Rayya," akasema.
"Darasa la tatu, hema la pili kutoka kisimani."

*

Bibi yangu alifika hapa mwaka wa sabini na mbili
na sanduku la bati, kichwa cha cherehani bila ya meza yake,
na Kiarabu cha msahafuni. Sokoni wakamcheka:
aliagiza vitunguu kama anayesoma hotuba ya Ijumaa.

Skuli ilikuwa mahema sita na ubao mmoja wa kuazimana.
Wakampa somo la hesabu, kwani hesabu,
alisema mkaguzi, haina lafudhi.

Mkaguzi yule hakuwahi kumsikia bibi akijumlisha.
Alifundisha kwa Kiarabu, kila neno limepigwa pasi;
lakini mtu huhesabu kwa lugha
aliyohesabiwa nayo vidole utotoni.
Chaki ikifika penye kubeba, sauti ilimshuka:
nane na tano, kumi na tatu, andika tatu,
na moja ile akaipandisha juu ya makumi
kama mtoto anayevushwa mfereji.

Watoto wana masikio.
Sita, saba na tisa hazikuwapa tabu,
ni zao hizo, tulizikopa zamani bila ya hati.
Nane ndiyo iliyowachekesha,
imekaa pale katikati
kama mgeni aliyekalishwa baina ya mashemeji.
Wakaiiba. Wakenda nayo majumbani,
wakahesabia mbuzi, vikapu vya tende,
baadaye miezi ya mimba.

*

Nisimfukize ubani kupita kiasi. Alikuwa mkali.
Mimi alinichapa rula kwa sifuri:
ya Kiarabu ni nukta tu, nami nilidhani inzi amepita.
"Elfu umeifanya mia," alisema.
"Watu hulala na njaa kwa nukta kama hii."

Alipostaafu akahamia kwenye bili ya umeme.
Aliisahihisha kwa wino wa kijani, akairudisha ofisini.
Wakamlipa baisa mia mbili na sabini.
Risiti yao bado iko mlangoni mwa friji.

Na Ijumaa, maandazi kumi na saba
kwa wajukuu watano. Makusudi.
Tukigombana, yeye anapepea jiko.
"Matatu matatu, bibi, yamebaki mawili!"
"Ya jirani. Baki siku zote ni ya jirani."

Hospitali, mwishoni, majina yetu yalikuwa yameshamtoka.
Muuguzi akamshika mkono kuhesabu mapigo;
bibi akahesabu naye, macho amefumba,
kisha akamwambia, kwa upole, arudie.

*

Sasa sinia limejaa nusu.
Kumi na saba, anasema mwanamke, kumi na nane,
kumi na tisa.
Hapo akakwama, kikombe mkononi.

Nikafikiri kidogo, nikaelewa.
Tisa na tisa, na moja ya kubebwa:
tarakimu mbili ukizijumlisha hazivuki hapo.
Zaidi ya kumi na tisa, bibi hakuwahi kunong'ona.

"Ishirini," nikamwambia.
"Ishirini?" Akacheka, akaziba mdomo kwa shela
akikumbuka yuko msibani.
"Hiyo si ni yetu!"

Akakiweka kikombe.
Nikatua birika, nikakaa chini kando yake.
Ishirini na moja, nikasema.
Ishirini na moja, akasema.